Afadhali Moshi

Kuna swali ambalo vitabu vingi vya maadili hulipita haraka, ingawa maisha ya kila siku hayaturuhusu kulipita. Swali lenyewe ni hili: ukishajua kwamba huwezi kupatia sawasawa, ukosee upande gani?

Wengi wetu tumelelewa na swali lingine, lile la jambo sahihi ni lipi. Ni swali zuri na silidharau. Lakini hebu hesabu, msomaji wangu, ni mara ngapi kwa wiki unapata kulijua jambo sahihi kabla ya kuamua. Mzazi anayemkemea mtoto hajui kama amekemea kiasi. Anayeombwa mkopo na rafiki hajui kama anamsaidia au anamharibu. Mwalimu anayesahihisha insha usiku wa manane hajui kama alama 48 ni haki au ni uchovu wake. Wote hawa wanajua watapita kidogo juu ya alama au watabaki kidogo chini yake. Walichonacho mkononi ni kuchagua upande.

Swali hili mimi lilinikaa kichwani kwa sababu ya kabureta ya Honda CG125 ya zamani, kwenye barabara ya kutoka Morogoro mjini kupanda Mgeta. Wapenzi wa vitabu watamkumbuka mara moja Robert Pirsig, Mmarekani aliyetoa mwaka 1974 kitabu kiitwacho Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kuhusu safari ya pikipiki yeye na mwanawe kutoka Minnesota hadi California. Pirsig alikuwa anatafuta ubora ni kitu gani. Safari yangu ni fupi zaidi, na swali langu ni dogo zaidi. Nauliza tu mtu afanye nini pale ubora unapokuwa haufikiki, jua linazama, na bado kuna mlima mbele yake.

Nianze na chombo chenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajawahi kushika spana.

Kabureta ni kidude kinachochanganya hewa na petroli kabla havijaingia kwenye injini. Ndani yake hakuna umeme wala akili. Kuna koo jembamba. Injini ikivuta, hewa inakimbia zaidi pale koo linapobana, mgandamizo unashuka, na petroli inafyonzwa kutoka kwenye bakuli dogo lililo chini. Njiani petroli hiyo inapita kwenye jeti, kipande kidogo cha shaba kilichotobolewa katikati, na jeti ndiyo kipimo. Iliyoandikwa 100 ina tundu la karibu milimita moja. Iliyoandikwa 95 ina tundu dogo zaidi kidogo. Kati ya hizo mbili kuna tofauti ya unywele mwembamba tu, lakini eneo la tundu linapungua kwa karibu asilimia 10, na injini inalisikia hilo kama ulimi unavyosikia chumvi.

Hiyo ni jeti kubwa, ambayo inatawala ukivuta mafuta mpaka mwisho. Ukivuta nusu, kazi kubwa inafanywa na sindano inayopanda na kushuka kufuata mkono wako. Pikipiki ikiwa imesimama inaunguruma polepole, zamu inakuwa ya jeti ndogo na skrubu yake ya hewa. Lakini lengo la vyote ni moja: kwa uzito, sehemu moja ya petroli ipate sehemu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote.

CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Ina silinda moja na vijiti vya kusukuma valvu, na ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubeba mzigo mkubwa na kuonana na fundi kwa nadra. Viwanda vya China viliiga injini hiyo, na bodaboda nyingi unazoziona zimejipanga Msamvu ni wajukuu wake. Ndiyo maana fundi wa bodaboda anaifungua ya kwangu bila kuuliza chochote. Anaijua kama unavyomjua babu wa rafiki yako: sura ni ileile, mikwaruzo tu ndiyo imezidi.

Sasa tupande. Morogoro mjini iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Unashika barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga, halafu ni kona na mawe na kona. Ukifika Nyandira, kwenye soko la kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyoshushwa hadi Dar es Salaam, umeshavuka mita 1,500. Hewa ya huko, hata ukiihesabia baridi yake, ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na ya mjini. Binadamu anahema kidogo na kuendelea na safari zake. Kabureta haijui kwamba imehama. Inamimina petroli karibu kama ilivyozoea, na kwa kuwa hewa imepungua, mchanganyiko unakuwa mzito kwa kama asilimia 5. Injini inapoteza nguvu, inakohoa kwenye kona, eksozi inatoa moshi mweusi, na plagi ukiifungua unaikuta imejaa masizi.

Dawa inajulikana. Weka jeti ndogo, injini itachangamka palepale. Kisha teremka nayo.

Huku chini hewa ni nzito, lakini petroli inakuja kwa kipimo cha mlimani. Mchanganyiko sasa ni mwepesi: hewa nyingi, petroli kidogo. Injini inachemka. Plagi inakuwa nyeupe kama mfupa. Ukiivuta sana kwenye lami kati ya Mzumbe na mjini, siku moja, mwezi mmoja, valvu ya kutolea moshi inaungua, na ukiwa na bahati mbaya zaidi pistoni inatoboka.

Mtu hawezi kusimama kila baada ya mita 300 za mwinuko akabadilisha jeti. Ni jeti moja kwa safari nzima, mjini mpaka Nyandira na kurudi. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya safari, lazima uwe umekosea. Tofauti ni ukosee ukiwa juu au ukosee ukiwa chini.

Ukiyatazama makosa haya mawili kwa haraka unaweza kudhani yana uzito sawa: petroli imezidi kidogo, petroli imepungua kidogo. Kwa aliyeyaishi, hayafanani hata kidogo.

Mchanganyiko mzito una aibu yake hadharani. Unanuka. Unatoa moshi. Unakula hela kwenye kituo cha mafuta. Kila mtu anauona, na wa kwanza kuuona ni mwenye pikipiki. Mchanganyiko mwepesi, ukiwa mwepesi kidogo tu, unapendeza. Mlio unakuwa mkavu na mkali, lita moja inafika mbali, na mwenye pikipiki anamsifu fundi wake mtaa mzima. Uharibifu unafanyika ndani, kimya kimya, mahali pasipo na dirisha. Siku unapojitokeza, hakuna tena cha kurekebisha, kuna cha kununua.

Niliwahi kukaa kwenye gereji ya fundi wangu, chini ya mwembe, nikisubiri zamu yangu. Akaja kijana wa bodaboda, hajazima hata injini.

“Fundi, nibanie mafuta bwana. Hii inakunywa balaa, hesabu ya bosi haitoki.”

Fundi akasikiliza mlio kwanza. “Nikibana zaidi ya hapo utaunguza valvu, dogo.”

“Mbona wengine wanabana?”

“Wanabana. Halafu wanakuja kwangu.” Akavuta kiti chake. “Pikipiki ya nani hii?”

“Ya bosi.”

“Na ikikuzimikia njia ya Mgeta saa tatu usiku, una mama mjamzito nyuma, bosi atakuwepo?”

Kijana akazima injini. Fundi hakugusa kabureta. Aliinyanyua pikipiki, akazungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likazunguka nusu na kusimama. Breki ilikuwa inakamata. Mnyororo nao ulikuwa mkavu kama kamba ya katani. Akavirekebisha, akasafisha chujio la hewa, akamwambia kijana aende akapime matumizi yake siku tatu kabla ya kuja tena na habari za kubana. Kwa kazi hiyo alilipwa kidogo kuliko ambavyo angelipwa kwa kufungua kabureta.

Nimelifikiria sana swali lake la bosi. Kijana alikuwa anachagua upande wa kukosea, na sababu yake haikuwa ya kipuuzi; hesabu ya jioni ni kitu halisi, na mtoto anayesubiri ugali ni halisi zaidi. Lakini bei ya kosa alilolichagua isingemwangukia yeye tu. Ingemwangukia mwenye injini, ambaye hayupo, na abiria, ambaye hajaulizwa. Fundi kwa maneno machache alimwonyesha watu hao wawili.

Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle aliandika jambo linalokaribiana na hili, katika kile kitabu chake cha maadili kinachobeba jina la Nicomachus. Wengi wanamkumbuka kwa fundisho lake la kati na kati: ushujaa uko kati ya woga na ujasiri wa kijinga, ukarimu uko kati ya ubahili na ufujaji. Ambacho hakikumbukwi sana ni kile anachokisema mwishoni mwa sehemu ya pili. Anakiri kwamba kuipata hiyo kati ni kazi ngumu mno, kama kupata kitovu cha duara bila kujua hesabu. Basi anashauri mtu aangalie ni upande upi kati ya zile mbili ulio mbaya zaidi, akae nao mbali kwanza, halafu achague uovu ulio mdogo. Na anaongeza kwamba kila mtu ajichunguze anavutwa na nini kwa asili yake, kisha ajivute kinyume, kama wanavyofanya watu wanaonyoosha mti uliopinda.

Sisi tunayo hekima hiyo kwa maneno sita: heri nusu shari kuliko shari kamili. Naipenda methali hii kuliko sura nzima za falsafa. Ila ina pengo, na Aristotle naye analo. Inapima ukubwa wa shari. Haisemi shari hiyo ni ya nani. Nusu shari yangu inaweza kuwa shari kamili ya jirani, na mimi nikalala usingizi mzuri nikijiona mtu wa kiasi.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea maswali matatu, niliyoyapata kwa fundi na kwa plagi zake. La kwanza: kosa hili likitokea, linarudishika? Plagi yenye masizi unaisafisha kwa brashi. Pistoni iliyotoboka haina dawa. Jeti yenyewe ni hivyohivyo. Ikiziba, fundi wangu anailoweka na kuipuliza, hathubutu kuichokonoa kwa waya, kwa sababu shaba ni laini, na tundu likishapanuka maji yameshamwagika. La pili: kosa hili linajionyesha? Lina moshi, lina harufu, au litakaa ndani kimya mpaka siku ya maafa? La tatu: bei yake nitailipa mimi ninayeamua, au mtu ambaye hakuwepo nilipokuwa naamua?

Milima hii ya Uluguru ilishawahi kujibu maswali hayo kwa njia ngumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu kuhusu udongo wa Uluguru. Hofu yenyewe ilikuwa na msingi. Miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na mto Ruvu, ambao Dar es Salaam inaunywa, unazaliwa kwenye milima hii. Wataalamu wakaja na mpango: Waluguru walazimishwe kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, mapana na bapa, ili maji yasikimbie na udongo. Mpango ulikuwa na vitabu nyuma yake na nia inayoelezeka.

Tatizo ni kwamba udongo wenye rutuba kwenye sehemu nyingi za miteremko ile ni tabaka jembamba tu. Ukichimba tuta pana, unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule wa chini, usio na kitu. Upande wa Mgeta, penye mbogamboga, samadi na mifereji ya maji, matuta yaliweza kuleta faida, na mpaka leo ukipanda huko unayaona yamepanga ngazi hadi kwenye ukungu. Upande wa mashariki, kwa mkulima wa mahindi, yalimaanisha siku za jasho za kulipunguza shamba lake mwenyewe. Watu walisema. Walinung'unika kwenye mikutano, wakachelewa kuchimba, wakakataa. Mwaka 1955 huko Matombo manung'uniko yakawa ghasia, polisi wakaitwa, na baada ya hapo mpango ukafa.

Sisemi wataalamu wale walikuwa majuha. Walikuwa na makosa mawili mbele yao: wakikaa kimya, huenda udongo ungeporomoka, wakilazimisha, huenda wangeuzika. Hawakuwa na hakika, kama sisi sote tusivyokuwa nayo. Lakini pima uchaguzi wao kwa maswali yale matatu. Udongo uliofukiwa haurudi juu kwa amri. Kosa lenyewe halikuonekana ofisini. Lingeonekana wakati wa mavuno, kwenye ghala la mtu mwingine. Na bei yote ilikuwa ya mkulima, maana afisa angepata mshahara wake mvua inyeshe isinyeshe. Tena manung'uniko, ambayo kwa fundi yangekuwa moshi wa eksozi, habari ya bure kwamba kipimo hakijakaa, yalisomwa kama uvivu na ukaidi. Kipimo kilikuwa kimewekwa mbali na mahali ambapo injini ingeungua.

Hapa ndipo nilipoipenda kanuni ya mafundi kuhusu milima, ambayo ukiisikia mara ya kwanza unaweza kudhani ni ya kiufundi tu. Kama lazima utumie jeti moja kwa safari yote, pimia mahali pa chini kabisa utakapopita. Ukipanda utatoa moshi na kuchoka, lakini utafika na utarudi. Ukipimia juu, utapeta ukiwa juu na utaharibikiwa ukiwa chini.

Haya yote yangebaki mazungumzo ya gereji kama nisingekuwa mwalimu, na kama mwalimu asingekuwa anaitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Tulikuwa watano mezani. Shilingi 60,000 za msichana wa kidato cha pili, hela ya hosteli, zilikuwa zimepotea darasani wakati wa mapumziko. Mvulana mmoja alionekana akitoka darasani saa hiyo. Hakukutwa na kitu. Mashahidi walikuwa wawili, na maelezo yao hayakuoana kuhusu saa wala kuhusu mlango. Mvulana alikana, na alikana vibaya, kwa kigugumizi, kama ambavyo mwizi angekana na kama ambavyo mtoto mwoga asiye na hatia angekana. Pendekezo lililokuwa mezani ni afukuzwe.

Mwenzetu mmoja alisema: “Tukimwacha, kesho darasa zima litajua kwamba kuiba kunalipa.” Hakuwa mkatili. Alikuwa anasema jambo la kweli.

Mahakama zetu zina jibu lao kwa hali kama hiyo. Kesi ya jinai inatakiwa ithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi, wakati madai ya kawaida yanapimwa tu kwa kuangalia mzani umeelemea wapi. Maana yake sheria yenyewe imeshachagua upande wa kukosea: ikikosea kwenye jinai, imwachie mwenye hatia kuliko kumfunga asiye nayo. William Blackstone, mwanasheria wa Uingereza wa karne ya 18, aliweka hata hesabu: afadhali kumi wenye hatia waponyoke kuliko mmoja asiye na hatia aumie. Ila kamati ya nidhamu siyo mahakama, na saa kumi jioni kila mtu anataka kwenda nyumbani.

Nikayaweka maswali yangu mezani, bila kutaja kabureta, maana wangenicheka. Tukimfukuza na hakuiba, hilo linarudishika? Kwa mtoto wa kule milimani ambaye wazazi wake wameuza ndizi msimu mzima ili avae sare, hapana. Litajionyesha? Hapana, atarudi kijijini na hatutamsikia tena, na ukimya wake tutauita amani. Atalipa nani? Yeye. Tukimwacha na aliiba, je? Hilo linarudishika, maana bado yuko mbele ya macho yetu. Litajionyesha, maana anayeiba mara moja bila kukamatwa mara nyingi hurudia. Atalipa nani?

Hapo nikakwama. Angelipa yule msichana. Shilingi 60,000 zake zingekuwa ndizo bei ya huruma yetu. Tungekuwa tumefanya kilekile alichotaka kufanya kijana wa bodaboda: kuchagua kosa tunalolipenda na kumwachia mwingine risiti.

Mwalimu wa malezi, mama mtu mzima anayekaribia kustaafu, ndiye aliyelimaliza. Alifungua mkoba wake akasema, “Basi tulipe sisi. Tuko watano, ni elfu kumi na mbili kila mtu.” Kukawa na ukimya wa watu wanaohesabu siku zilizobaki mpaka mshahara. Yule mwenzetu aliyetaka mvulana afukuzwe ndiye aliyetoa wa kwanza. Alisema bado anaamini kwamba mvulana aliiba, lakini kama tunakosea, basi tukosee kwa hela zetu.

Mpaka leo sijui nani alichukua hela ile. Mvulana alimaliza kidato cha nne akaondoka kama wanavyoondoka wengine. Silitaji hili kama ushahidi kwamba tulipatia, kwa sababu sina ushahidi huo. Nalitaja kwa sababu lilinifundisha kitu ambacho kabureta peke yake isingenifundisha: upande salama hauko salama mpaka anayeuchagua akubali kuugharamia. Huruma inayolipwa na mwingine ni ukarimu wa kutumia mfuko wa jirani.

Kuna atakayeniambia kwamba huu ni unyonge uliovishwa kanzu ya falsafa. Kwamba mtu akizoea kukosea upande wa upole, ataacha kutafuta ukweli. Namwelewa, na pikipiki inamuunga mkono. Mchanganyiko mzito si mtakatifu. Moshi mweusi unaopita katikati ya soko la Nyandira unaingia kwenye mapafu ya mama aliyejitwisha kabichi, mwenye mtoto mgongoni, na yeye hakuulizwa jeti ya namba ngapi iwekwe. Petroli inayozidi inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuzichakaza ringi taratibu. Mtu anayeishi mlimani mwaka mzima na jeti ya mjini, akijisifu kwamba yeye ni mwangalifu, ni mvivu mwenye kisingizio.

Kwa hiyo kosa la upande salama nalichukulia kama mkopo. Linakununulia muda wa kutafuta kipimo, na riba yake inapanda kila siku unayochelewa. Nikijua nitakaa juu wiki nzima, nabeba jeti ndogo kwenye kopo la dawa, naibadilisha nikifika, na asubuhi ya kushuka nairudisha ile kubwa kabla ya kupiga kiki. Inanichukua nusu saa na mikono yenye harufu ya petroli. Shuleni nako, baada ya siku ile, tuliweka utaratibu wa hela za wanafunzi kupokelewa ofisini asubuhi na kuandikwa, ili kamati isilazimike tena kukisia kigugumizi cha mtoto. Breki inayokamata ilikuwa ni hiyo. Mara nyingi tunabishana kuhusu kubana au kulegeza, kumbe shida iko kwenye tairi la nyuma.

Lakini kabla ya kipimo kupatikana, na mara nyingi hakipatikani kwa wakati, bado mtu lazima aondoke na kitu fulani kwenye kabureta. Mimi najijua navutwa upande gani. Kama watu wengi wanaopenda kusifiwa, napenda mlio mkavu, uamuzi mkali unaosikika vizuri mezani, neno fupi linalofunga mjadala. Ndiyo sababu najivuta kinyume, kama mti ule wa Aristotle. Nikiwa sina hakika na mtu, afadhali moshi. Wataucheka, wataunusa, wataniambia pikipiki yangu ni mbovu, na kwa kuniambia hivyo watakuwa wamenisaidia kujua kwamba bado sijapata kipimo.